Mama Mkwe Mlangoni

Ule mkono, msomaji, ulikuwa wa Mama Bravin.

Najua umelala wiki nzima na mkono huo begani kwako. Wengine mliapa ni jambazi, wengine mkasema ni jini. Trizah naye alidhani duka limebaki tupu, akainama kwenye tundu la kufuli kumchungulia yule mgeni wa shati la mirabaraba, mara mkono mzito ukamtua begani kutoka nyuma. Mama Bravin alikuwa stoo akitafuta vifungo. Basi.

"Mbona hukupiga kelele?" Mama Bravin aliuliza.

"Nilipiga, Mama. Sauti ndiyo ilikataa kutoka."

"Na unachungulia nini kama mwizi wa kuku?"

"Yule mtu. Bado amesimama kwenye nguzo."

Kwa wewe uliyeazima gazeti hili kwa jirani, nikupashe habari haraka. Trizah ni binti wa Karungu, kule ziwani, na kazi hii ya cherehani kwa Bi Mwanamvita hapa Migori mjini ndiyo kazi yake ya kwanza. Anashona sare za shule. Anaweza kushona kola ikakaa shingoni bila kumkaba mtoto, na hilo waulize mafundi kama ni jambo dogo. Kazi anaipenda. Shida yake ni kutoka kazini.

Ikifika saa kumi na mbili jioni, Bi Mwanamvita akianza kushusha vibao vya dirisha, baraza ya duka hujaa wanaume ambao hawana hata kitambaa cha kushonwa. Yupo wa baiskeli, mmoja wa hawa wa boda boda walioingia mjini juzi juzi, anayemfuata Trizah akipiga kengele hadi kwake. Yupo kondakta wa mluzi. Yupo bwana mmoja mwenye mkoba mweusi anayejiita afisa wa Homa Bay, ambaye kila jioni ana nafasi moja tu ya kazi ofisini na kila jioni nafasi hiyo haijajazwa. Trizah hamjui hata mmoja wao.

Alijaribu kunyamaza, wakasema anaringa. Akajaribu kujibu, wakasema amekubali. Akavaa pete ya waya wa shaba, yule wa baiskeli akamwambia hakuna neno, hata yeye ameoa. Akatokea mlango wa nyuma, akakanyaga tope la wachinja kuku hadi vifundoni, na alipozunguka kona akawakuta wanamngoja na kopo la maji ya kunawa miguu. Kesho yake mmoja wao akajaribu kuingilia mlango huo huo wa nyuma. Tangu hapo umefungwa kwa kufuli, na ufunguo unakaa kibindoni kwa Mama Bravin usiku na mchana.

Halafu akaja huyu wa mirabaraba. Huyu hasemi. Husimama kwenye nguzo, mikono nyuma, akitazama mlango. Trizah humwogopa huyu kuliko wale wote wenye midomo.

Na juu ya hayo kuna Mzee Javan.

Mzee Javan ni baba yake Trizah, mzee wa kanisa, mtu asiyetabasamu bila sababu. Habari za barazani zilimfikia, maana Karungu husikia kila kitu. Akatuma neno kwa kondakta wa basi la Karungu: "Jumamosi nakuja Migori. Nikikuta mwanamume hata mmoja mlangoni anakungoja, funga nguo zako turudi wote. Cherehani utaiacha hapo hapo."

Leo ni Alhamisi.

"Mimi sijawaita," Trizah alisema, na machozi yalikuwa karibu. "Wanakuja wenyewe. Na mimi ndiye nitakayerudishwa nyumbani."

Mama Bravin alijifunga leso kiunoni. Mama huyu ni mjane, mpana wa mwili, na ameshona katika duka hili tangu lilipokuwa na cherehani moja ya mguu.

"Hawa wana mama zao walioshindwa kuwafunza," alisema. "Leo watapata mama mkwe. Nifuate nyuma, na usicheke."

Msomaji wa mbali atauliza, mama mkwe ana nini? Njoo huku kwetu uone. Mjaluo anaweza kumkabili kiboko akiwa na kasia peke yake, lakini akimwona maro, yaani mama mkwe wake, anakuja njiani, ataingia majanini ampishe. Hali chakula mbele yake. Hamkazii macho. Mzaha haufanyi penye masikio yake. Ni heshima, na heshima hiyo ina woga wake.

Mlango ukafunguliwa. Kengele ya baiskeli ikalia.

"Sista, panda leo nikupeleke bure. Nimeweka kiti kipya."

"Ora," Mama Bravin aliita kwa sauti ya upendo. Mkwe wangu. "Kumbe ni wewe. Huyu mtoto ameniambia kuna mtu humngoja kila jioni, nikasema mimi mama yake lazima nije nimwone. Ng'ombe umewafunga wapi?"

Kengele ilikufa. Kijana alishaangalia chini kabla hajajua anaangalia chini.

"Maro," neno lilimtoka lenyewe. "Mimi nilikuwa napita tu."

"Pita basi, ora. Utusalimie nyumbani."

Akapita. Alipita mbio hata kofia ikabaki barazani, na hakurudi kuichukua.

Afisa wa Homa Bay alikuwa amejibanza pembeni na hindi la kuchoma. Mama Bravin akamgeukia. "Na huyu mwingine? Ora, wewe ndiye wa ofisini?"

Sasa fikiria taabu ya mtu yule. Hindi liko mdomoni, na maro amesimama mbele yake. Kulila hawezi. Kulitupa chini mbele ya mama ni utovu. Akaufungua ule mkoba mweusi, akalitumbukiza hindi ndani, akaufunga. Wote waliona kwamba ndani ya mkoba hamkuwa na karatasi hata moja. Sasa mlikuwa na hindi.

"Nitarudi kikazi," alisema, akaondoka ubavu ubavu.

Kondakta hakungoja kuitwa. Aliumeza mluzi wake akavuka barabara.

Trizah alikuwa ameambiwa asicheke. Alikuwa ameshika mbavu, ameegemea mlango. Tangu aje Migori hakuwahi kuiona baraza ile nyeupe hivyo saa kumi na mbili.

Ilibaki nguzo moja na mtu mmoja.

"Ora," Mama Bravin akamwita wa mirabaraba, na hapa aliongeza sauti ili amalize kazi. "Na wewe mwenye kusimama kimya. Mimi ndiye mama yake. Karibu, mkwe wangu."

Hakukimbia.

Msomaji, alisogea. Alikuja taratibu, uso umemchangamka, akaushika mkono wa Mama Bravin kwa mikono yake miwili, akainama akaubusu.

"Shikamoo, mama."

Mama Bravin alisahau hata marahaba.

"Naitwa Hemed," yule kijana alisema. "Nina duka la nyavu Homa Bay, ila kwetu ni Mombasa. Nimesimama hapa jioni nyingi nikitafuta mtu mzima wa upande wake niseme naye. Kwetu si adabu kumsimamisha binti wa watu njiani. Nilikuwa nakata tamaa, na leo mama mwenyewe ameniita mkwe mbele ya watu. Mungu akuweke. Na baba ni nani, nipate kumtaja kwa heshima?"

Uongo ukishapanda gari hauulizi nauli. "Javan," Mama Bravin alijikuta akisema. "Mzee Javan wa Karungu."

"Basi nimepata baraka za mke wa Mzee Javan. Jumamosi nitakuja na wazee."

"Ngoja kwanza," Trizah alisema. "Hakuna aliyeniuliza mimi."

Lakini Hemed alishaiwasha pikapu yake, na maneno yake yaliliwa na vumbi la barabara ya Homa Bay.

Waliporudi ndani, walimkuta Bi Mwanamvita ameketi juu ya mtumba wa kaki, anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Alikuwa amesikia kila neno.

"Mama Bravin, mwenzangu, umefanya nini? Sisi kwetu pwani ukimwita kijana mkwe umemfungulia mlango. Akikimbia hapo ndiyo aibu."

"Kwetu akikimbia ndiyo adabu," Mama Bravin alisema kwa unyonge.

"Basi umemfukuza kwa mwaliko."

"Jumamosi," Trizah alisema. "Wazee wa Mombasa na Baba, siku moja, mlango mmoja. Nianze kukunja nguo zangu."

Ijumaa haikuleta nafuu. Kondakta alikuwa amesikia yote kutoka ng'ambo ya barabara, akampa yule wa baiskeli; naye wa baiskeli alikuwa na mdomo na magurudumu mawili, na kila aliyempakia alishuka na habari: Mama Bravin ana mume, ni mzee wa kanisa wa Karungu, na binti wa cherehani ni wao. Kufikia adhuhuri wanawake wa sokoni walikuwa wanamletea Mama Bravin pongezi na papai.

"Nimekuwa mjane miaka hii yote," alisema akilimenya papai, "na leo nimeolewa wala sikualikwa."

Jumamosi ikafika. Sasa shikilia gazeti vizuri.

Asubuhi nzima baraza ilikuwa tupu. Hakuna kengele, hakuna mluzi, hakuna mkoba. Wote walikuwa wanapita upande wa pili wa barabara, kichwa chini, wakimwepa maro wao. Trizah alifagia baraza mara mbili kwa furaha tu. Kama baba angefika kabla ya Hemed, angekuta mlango safi, na kazi ingepona. Akafungua dirisha kutazama upande wa steji ya mabasi.

Baba yake alikuwa anakuja. Alikuwa amevaa koti la kanisani na alikuwa anatembea kwa kasi isiyo ya mzee wa kanisa. Mlangoni hapakuwa na mwanamume hata mmoja, kweli. Wote walikuwa nyuma yake.

"Mzee, panda nikupeleke bure kwa Mama Bravin," wa baiskeli alikuwa anasema, kengele juu. "Wewe ni mtu wetu sasa."

"Mzee umetuficha," kondakta alisema. "Kumbe una nyumba Migori."

Mpiga picha wa barabarani naye alikuwa anarudi kinyumenyume mbele yake, kamera jichoni. "Moja tu, Mzee. Wewe na mama mmekaa, binti amesimama katikati."

Mzee Javan alinyamaza.

"Anaringa," mtu mmoja alisema.

Mzee Javan akajibu. "Mimi simjui huyo mama mnayemsema."

"Ameanza kukubali," mwingine akasema, na wakacheka wote.

Aliingia dukani, akaufunga mlango, akauegemea kwa mgongo. Kofia ilikuwa upande. Trizah hajapata kumwona baba yake akihema hivyo, hata siku ya mazishi ya babu walipobeba jeneza kupanda kilima.

"Trizah, watu hawa ni nani?"

"Siwajui, Baba."

"Nimetoka steji sijamwita mtu. Nikinyamaza wananifuata. Nikijibu wanafurahi. Mmoja amenishika koti. Mimi nimewafanyia nini?"

Trizah aliacha mkasi mezani. Maneno aliyokuwa ameyapanga kwa siku zote hizi, ya kujitetea, yalimtoka kichwani. Yalibaki machache.

"Hata mimi, Baba, sijawafanyia kitu."

Mzee Javan alimtazama binti yake. Halafu akageuka, akainama, akatazama kwenye tundu la kufuli.

"Kila jioni?" aliuliza, bado ameinama.

"Kila jioni."

"Na unatembea hivyo mpaka unapolala?"

"Mpaka mlangoni. Halafu wananiuliza jina."

Mzee alijinyoosha polepole. Alivua kofia akaishika kwa mikono miwili. "Mimi niliambiwa unawaita," alisema. "Nikaamini. Hilo nimekosa, mwanangu. Cherehani yako ni ipi?"

"Ile ya dirishani."

"Keti ushone. Nitakaa hapa nione atakayekusimamisha."

Trizah aliketi. Hakuweza kutunga uzi kwenye sindano kwa sababu macho yalikuwa yamejaa, na furaha ilikuwa inamtekenya mbavu wakati huo huo. Kazi imepona, msomaji. Imepona kabisa. Kama ningekuwa mwandishi mwema ningeishia hapa.

Honi ikalia nje.

Ilikuwa pikapu ya Hemed. Nyuma walikaa wazee wawili wa kanzu, wamefunikwa vumbi la Homa Bay mpaka nyusi, na sinia iliyofunikwa kitambaa imewekwa katikati yao. Mzee Javan akamtazama Trizah. Mama Bravin akatazama chini. Bi Mwanamvita akaanza tena kutafuta ncha ya mtandio.

"Huyu niachieni," Trizah alisema. Akafungua mlango akatoka mwenyewe.

Hemed alishusha macho kwa adabu.

"Kaka Hemed," Trizah alimwambia, "unisikilize kidogo. Ulikuwa na heshima zako, sikatai. Lakini wewe ukiwa kwenye nguzo na heshima, mimi nilikuwa nyuma ya mlango natetemeka. Mtu akinisimamia kila jioni bila kusema, nitajuaje ni adabu au ni kisu?"

Uso wa Hemed ulionyesha kwamba jambo hilo halijawahi kumpitia akilini.

"Kisha ukamuuliza kila mtu ila mimi. Mama Bravin si mama yangu. Alikuwa anakufukuza."

"Ananifukuza kwa kuniita mkwe?"

"Huku kwetu ndivyo."

Mzee mmoja wa kanzu alianza kukohoa, na kikohozi kile kilifanana sana na kicheko.

"Nisamehe, dada," Hemed alisema, na alimaanisha. "Kweli sikuwaza. Jibu lako nimelisikia. Wazee, turudi. Lakini…" Alikuna kichwa. "Kuna abiria."

"Abiria gani?"

"Jana sokoni Homa Bay niliuliza kama kuna anayemfahamu Mzee Javan wa Karungu, mume wa Mama Bravin wa Migori. Kuna mama mmoja alikuwa anauza omena, dagaa wa huku. Alinisikiliza vizuri sana. Hakusema yeye ni nani. Aliomba lifti tu."

Mlango wa mbele wa pikapu ulifunguliwa. Ulitangulia mwavuli. Nyuma ya mwavuli akashuka Priscah, mke wa Mzee Javan, mama yake Trizah aliyemzaa.

"Mama," Trizah alisema, "ngoja nikueleze."

"Utanieleza, mwanangu. Sogea kidogo."

Wako wanawake wanaolinda nyumba zao kwa kelele. Priscah hana kelele. Huuliza kwa upole, na hapo ndipo watu huanza kutafuta njia. Aliingia dukani, akasalimia, akatazama mmoja mmoja.

"Nimeambiwa nina mke mwenza hapa Migori," alisema. "Ni nani kati yenu, nimsalimie?"

Bi Mwanamvita alitazama dari. Mama Bravin aliinama chini ya meza akitafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka.

Na Mzee Javan? Kule mbele kulikuwa na kengele, mluzi, kamera na wazee wawili wa Mombasa. Hapa ndani kulikuwa na mkewe. Mzee wa kanisa alirudi nyuma, hatua kwa hatua, akapita mitumba ya kaki, akaufikia mlango wa nyuma, ule ule wa tope, akausukuma kwa bega. Haukufunguka.

Trizah, aliyekuwa ameingia nyuma ya mama yake, alimfikia mbio, akamnong'oneza. "Mlango una kufuli, Baba. Ufunguo anao Mama Bravin."

Mwanaume aliyebanwa hafikiri. Jasho linamtiririka, mke anamtazama, na mdomo ukamfunguka wenyewe.

"Mama Bravin," aliita, "nipe ufunguo wa mlango wa nyuma."

Chini ya meza, kwa mazoea tu, mkono wa Mama Bravin ukaenda kibindoni.

Priscah alivuta kiti, akaketi katikati ya duka, akaulaza mwavuli mapajani.

"Kumbe," alisema kwa upole, "mpaka ufunguo anajua unakaa wapi."